TAHADHARI: Bastola "za mnada" zinazouzwa kwa simu Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea mpaka Liwale, kuna watu wanatutumia picha za bastola zilizotumika. Wanasema ni za mnada wa serikali na zimebaki chache. Hakuna mnada na hakuna bastola. Laki zako zikienda zimekwenda, ila hela ndiyo hasara ndogo katika mchezo huu. Naomba usome mpaka pale ninapoeleza kinachofuata ukishatuma.

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Masasi. Sisi mawakala, wenye maduka ya jumla na wanunuzi wa ufuta na mbaazi ndio tunaofuatwa zaidi, maana wanajua tunafunga jioni droo imejaa na roho iko juu. Wakulima nao zamu yao ni kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaanza kusoma kwenye akaunti. Hapo wamepiga hesabu vizuri. Mtu wa huku kazoea kwamba mzigo uko ghalani, bei inatangazwa mnadani, mnunuzi hamjui wala hamuoni, na hela inaingia. Akiambiwa kuna mnada mwingine ambao hahitaji kufika, haoni ajabu.

Juzi mzee mmoja wa vijiji vya Lulindi alikuja dirishani kwangu atume laki nne na nusu "ya kushika namba". Baada ya shikamoo nikamuuliza, "Baba, namba ya nini?" Akageuka kuangalia nyuma kwanza, halafu akanisogezea simu yake chini chini kama anaficha karata.

Kulikuwa na ankara yenye nembo ya taifa iliyovutwa pembeni mpaka Bibi na Bwana wamenenepa. Chini yake mhuri wa bluu usio na jina la ofisi yoyote. Hapakuwa na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kontro namba ambayo hata ukilipia leseni ya biashara unapewa. Palikuwa na namba ya simu tu. Nilipoiingiza, jina likatokea la mwanamke, laini ya mtu binafsi, wakati "afande" wa mnada aliyekuwa akimtumia mzee sauti anaunguruma kama yuko gwaride. Nikamwambia mzee sitatuma mpaka tuangalie hiyo picha.

Bastola yenyewe ilikuwa imelazwa juu ya taulo la bluu, pembeni karatasi imeandikwa "Na. 14". Inang'aa. Nilikuza picha pale ubavuni, nikasoma 9 mm P.A.K. Mimi silaha sijui, lakini nina shemeji Liwale mwenye bunduki ya leseni, anayelindia shamba wanyama wasilimalize. Nikamrushia. Alipiga simu hapo hapo anacheka.

Hiyo alama, anasema, ni ya bastola ya kupigia baruti tupu. Ni ya mlio tu, ya kuigizia filamu au kuanzishia mbio. Mtutu umezibwa kwa ndani, na mwili mara nyingi ni wa madini laini ya zinki, si chuma cha kuhimili risasi. Wapo wahuni wanaozichokonoa ili zipige risasi za kweli, na matokeo yake kitu kinapasukia mkononi mwa aliyeshika. Kwa hiyo hata kama matapeli hawa wangeleta walichopiga picha, mzee angekuwa amenunua balaa.

Nikambana shemeji anieleze, bastola halisi iliyotumika mtu anaichaguaje? Kwanza namba. Inatakiwa isomeke vizuri na ilingane na iliyoandikwa kwenye leseni ya muuzaji. Zenye namba sehemu zaidi ya moja, mwilini, kwenye kifuniko cha juu kinachorudi nyuma na kwenye mtutu, zilinganishe zote. Zikitofautiana, uliza kwa nini. Namba ikiwa imesuguliwa kwa tupa, anasema usiulize hata bei, ondoka. Pili, mtutu unamulikwa tochi kwa ndani silaha ikiwa tupu, na anayeufungua ni mtu anayejua. Vile vifereji vya kuzungusha risasi vinatakiwa vionekane wazi. Vishimo vishimo ni kutu, na kwa pwani yetu hii, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, hewa ya chumvi haimuonei huruma mtu aliyeacha silaha kabatini bila mafuta. Rangi nyeusi mpya kwenye bastola kuukuu imefunika kitu. Halafu unatafuta nyufa karibu na tundu la kutolea maganda ya risasi, na unapima springi ya magazini, kile kibebeo cha risasi, kama bado ina nguvu. Hakuna hata kimoja hapo unachoweza kukipima kwa picha ya WhatsApp.

Upande wa makaratasi, nchi hii ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali kinakuja kabla ya silaha. Unaanzia serikali ya kijiji au mtaa wanaokufahamu, unapita kamati za ulinzi na usalama na polisi wa wilaya na mkoa, mpaka kwa msajili wa silaha. Yeyote anayekwambia lipia, silaha na leseni utaletewa pamoja kwa basi la jioni, huyo ni mwizi. Wala usijidanganye kwamba uko porini hakuna wa kukuuliza. Tuko mpakani. Wa Kitaya, kile kijiji cha mpakani Mtwara kilichovamiwa na watu wenye silaha, hawajasahau Oktoba 2020. Ukikamatwa na silaha isiyo na leseni, kesi inaweza kuja kama uhujumu uchumi, na hapo unazungumzia miaka, si miezi.

Sasa kinachofuata ukishatuma. Mzee wetu alikuwa tayari ametuma elfu sitini "ya fomu" kwa wakala mwingine, pamoja na picha ya kitambulisho chake cha NIDA mbele na nyuma. Alipokataa kumalizia laki nne na nusu, jioni ile ile akapigiwa na sauti nyingine. Huyu anajiita mpelelezi. Anamwambia jina lako liko mezani kwa kosa la kununua silaha kinyume cha sheria, gari linakuja kukuchukua, tuma laki tatu tulifute. Hapo ndipo wanapovunia. Wanajua mtu aliyejaribu kununua bastola kwa siri hataenda kulalamika kituoni, hatamwambia mke wala mtoto, atauza hata mbuzi alipe. Nimesikia mtu anayelipa kila mwezi mpaka leo. Sina sababu ya kutoamini, nikikumbuka uso wa mzee alivyorudi kwangu kesho yake.

Tulimsindikiza kituoni, mimi na mwanawe. Hakuwekwa ndani. Aliulizwa, akaandika maelezo, simu ikaangaliwa, akarudi kwake kula futari ya muhogo. Yule "mpelelezi" alipopigiwa kutoka kituoni alikata, na hajapiga tena.

Kama ujumbe umekufikia, usibishane nao na usifute. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli; utaulizwa namba iliyokutumia, uiandike. Kama ulishawapa kitambulisho, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako; usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika waifunge, maana laini za kutapeli wengine wanazipata huko huko. Kama ulishatuma hela, mpigie mtandao wako mara moja waombe kuzuia muamala, halafu nenda polisi na ujumbe wote.

Mawakala wenzangu, ukiona mtu anatuma kwa namba iliyoandikwa kwenye ankara ya aina hiyo, msomee jina linalotokea kwa sauti kabla hujaweka namba ya siri. Atachukia, mwache achukie.

Na aliyetumiwa ile ya taulo la bluu naomba aandike hapa chini ilimfikia kutoka namba inayoishia na tarakimu zipi mbili za mwisho, nyingine usiweke. Wa Ndanda na wa Nachingwea wameshaniambia tarakimu tofauti, nataka kujua kama ni kundi moja.