Altaneta nzuri, watu wabaya: uzoefu wangu wa kutoa Ford 8N kwenye volti 6

Nimeitumia msimu mzima seti hii niliyonunua ya kuhamisha trekta kutoka volti 6 kwenda 12, yaani altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) na vifaa vyake, na nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Juzi jamaa yangu mwenye trekta kama langu akaniuliza aagize wapi ya kwake, nikajikuta napandisha sauti kabla hata hajamaliza kuuliza. Basi acha niandike, kila anayefikiria kuhamisha trekta la zamani kwenda volti 12 asome kabla hajatoa hela yake.

Lililo jema nitalisema kwanza, mtu asije akadai nina chuki. Langu ni Ford 8N, yale yaliyotengenezwa kati ya 1947 na 1952. Yalitoka kiwandani na volti 6, na chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Aliyewahi kuwa nalo anajua asubuhi ya baridi inavyokuwa: unabonyeza kitufe, stata (mota ya kuwashia injini) inaguna, inazunguka nusu, inasimama. Wengi hukimbilia kulaumu stata. Mara nyingi haina kosa. Kwa kazi ile ile, volti 6 zinadai ampea (kiasi cha mkondo wa umeme) mara mbili ya zile za volti 12, na ampea zote hizo zinapita kwenye nyaya na maungio yaliyokaa miaka zaidi ya 70. Kila ungio lenye kutu linakula volti yake. Mwenye 12 akipoteza moja anaendelea na kazi, ila mwenye 6 akipoteza moja atasukuma trekta.

Baada ya kubadilisha, nagusa kitufe na injini inawaka papo hapo. Stata ni ile ile ya volti 6, sikuigusa. Inavumilia volti 12 vizuri alimradi usiishikilie muda mrefu, na ukigeuza betri haizunguki kinyume, kwa sababu umeme unageuka kwenye koili za pembeni na kwenye ile sehemu ya katikati inayozunguka kwa pamoja. Taa za mbele ambazo zilikuwa za njano, zinazofifia injini ikipunguza mwendo, sasa zinamulika mpaka mwisho wa shamba. Nilifurahi kweli. Kwa siku chache za mwanzo kila aliyepita nilimwita aje asikie jinsi linavyowaka.

Hata ufungaji wenyewe hauna la kulalamikia sana. Breketi ilikaa bila kuchongwa, mkanda ukanyooka, katauti ya zamani (swichi ya kuchaji ya jenereta ya awali) ikatoka. Betri nikaigeuza hasi iende kwenye bodi, nyaya za amita (saa ya kuonyesha chaji) nikazibadilishana ili mshale usisome kinyume, balbu zote nikaweka za volti 12. Kazi ya mtu mmoja mwenye subira na spana zake.

Sasa sikilizeni kilichonikuta.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza niliweka mita kwenye betri. Kabla ya kuwasha ilisoma 12.6, ndivyo betri iliyojaa inavyotakiwa. Nikawasha, nikapandisha mafuta kidogo, ikapanda 14.2 ikatulia hapo. Safi kabisa. Nikazungusha ufunguo kuzima.

Trekta likaendelea kunguruma.

Nikauzungusha tena, nikauchomoa, nikashuka chini ufunguo uko mkononi. Injini inaendelea kama vile sijafanya lolote. Nikapima kwenye swichi: imekata, hakuna umeme unaopita kutoka betri. Lakini upande wa koili ya moto, ile inayolisha plagi, bado kuna umeme, na mwingi tu. Hapo nikajua unatoka wapi, maana sehemu ya kutoka ilibaki moja tu.

Nieleze kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Altaneta hii ni ya nyaya tatu. Mmoja ni mnene, unapeleka chaji kwenye betri. Kuna namba 2, wa kupima volti. Na kuna namba 1, wa kuiamsha: ukifungua swichi, umeme kidogo unaingia kupitia hapo, altaneta inaanza kuzalisha. Ikishaanza inajilisha yenyewe, na ile ncha ya namba 1 sasa inakuwa na umeme wake. Kama waya huo umeunganishwa moja kwa moja na upande wa swichi unaolisha koili, ukizima swichi altaneta inairudishia koili umeme kwa njia ile ile. Plagi zinaendelea kupiga moto. Injini ya petroli ikipata mafuta, hewa na moto, izime kwa sababu gani?

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Unaweka daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa namba 1, ule mstari wake uelekee altaneta, umeme uende bila kurudi. Au unaweka balbu ndogo ya kuonyesha chaji, nayo inazuia vya kutosha na tena inakuonya altaneta ikikoma kuchaji. Kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kwenye seti yao hakimo. Kwenye mchoro wao wa kuunganisha, ambao niliufuata waya kwa waya, hakimo pia: mstari mmoja mwekundu kutoka namba 1 hadi swichi, hakuna kitu katikati.

Ningeweza kusamehe hilo. Watu husahau, karatasi hukosewa. Nisichosamehe ni simu.

Nilipiga namba iliyochapwa chini ya maelekezo, trekta linanguruma mgongoni mwangu. Akapokea kijana. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza. Akaniuliza, "Umezima swichi?" Nikamwambia nimezima, na ufunguo ninao mkononi. "Basi swichi yako mbovu." Nikamwambia nimeipima, inakata. Akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu anayekuonyesha kwamba unampotezea muda, akasema, "Sasa mzee, si ung'oe tu waya wa betri, litazima."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia vile vile.

Tafadhali, asiwepo mtu wa kufanya hivyo, kwenye trekta lolote lenye altaneta. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiing'oa wakati altaneta inachaji, volti zinaruka ghafla, na daiodi zilizo ndani ya altaneta pamoja na regyuleta yake (kidhibiti cha volti) zinaweza kufa palepale. Halafu betri inayochaji hutoa gesi ya haidrojeni, na kung'oa waya wenye mkondo kunaleta cheche, cheche zenyewe juu ya betri ambayo wewe umeiinamia. Na baada ya hatari yote hiyo, trekta lisingezima! Umeme wa koili haukuwa ukitoka kwenye betri, ulikuwa ukitoka kwenye altaneta. Mtu aliyeajiriwa kujibu maswali ya kifaa hiki hakujua kifaa hiki kinafanyaje kazi.

Nikamwambia yote hayo, kwa upole, nawaapia. Akacheka. Akaniuliza, "Kwani wewe ni mkulima au injinia?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile damu inachemka. Mkulima, ndiyo. Mkulima ndiye anayefungua kabureta yenye mchanga, anayerekebisha pointi (vigusano vinavyokata umeme wa koili) kwa kipande cha bati, anayesikia kwa sikio kwamba silinda moja haipigi. Matrekta haya ya zamani bado yapo hai kwa sababu ya wakulima, hayakuhifadhiwa na injinia yeyote wa ofisini. Na seti hii wameiuza kwa nani kama si kwa wakulima? Kabla sijajibu akaongeza, "Kama hujui umeme mpe fundi akufungie," akakata simu.

Nilifunga bomba la mafuta chini ya tanki, nikasubiri kabureta ikaushe. Linachukua muda kuliko unavyodhani. Muda wote huo nilikuwa nafikiria mtu mwingine aliyenunua seti hii, ambaye shafti ya PTO, ile ya nyuma inayoendesha mashine za shambani, inazunguka, nguo ya kibarua imenaswa, anakimbilia ufunguo anauzima na hakuna kinachotokea. Trekta lisilozimika ni hatari ya kuua. Nililisema na hilo pia kwenye barua niliyowaandikia baadaye, pamoja na picha ya mchoro wao na alama mahali daiodi inapotakiwa kukaa.

Daiodi niliinunua mwenyewe, ya ampea 3, nikaiunga kwenye waya kwa risasi, nikaivisha plastiki ya kubana kwa moto. Nikawasha, nikasubiri mita ifike juu ya 14, nikazima. Kimya. Tangu siku hiyo halijawahi kunisumbua hata mara moja kwenye kuzima.

Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Nasema kweli. Maana kuna kitu kinachonichanganya: aliyebuni seti hii anajua kazi. Koili ya 8N ya zamani, ile ya mraba inayokaa juu ya distribyuta ya mbele, ukiipa volti 12 bila kuipunguzia utaichoma na pointi utaziunguza. Wao wameleta rizista (kipunguza mkondo) ya kuongeza juu ya ile ya asili, na nilipopima mkondo unaopita kwenye pointi haukuzidi ampea 4, ndivyo inavyofaa. Puli ya altaneta nayo ni ndogo kwa makusudi, kwa sababu injini hizi huzunguka polepole na altaneta inahitaji kasi. Hayo yote yamefikiriwa na mtu mwenye akili. Sasa mtu aliyefikiria hayo amesahauje daiodi? Au aliiweka, halafu mwingine akaitoa ili kupunguza gharama? Nikifikiria hivyo, nyota tatu zinakuwa mbili.

Kisha likaja jibu la barua yangu. Hakuna aliyeniomba radhi au kusema watarekebisha mchoro. Waliandika kwamba kwa kuwa nimeongeza kifaa kisicho cha kwao kwenye nyaya, waranti yangu imekwisha. Kwa hiyo kifaa chao kinafanya trekta lisizimike, mtu wao ananishauri nifanye kitu cha kuua altaneta yao wenyewe, nami ninayeitengeneza ndiye ninayeadhibiwa. Nyota moja. Nayo ni ya altaneta, si yao.

Najua kuna atakayesema, mbona trekta linafanya kazi vizuri, unalalamika nini? Ni kweli linafanya kazi. Na kuhama kutoka volti 6 ni uamuzi mzuri kuliko wote niliowahi kulifanyia trekta hili, siujutii na nitaurudia kwenye lingine nikilipata. Kama swali lako ni hilo tu, jibu ni ndiyo, hama. Hata altaneta hii, ukinilazimisha, nitakubali ni imara: imekula vumbi na matope msimu mzima, chaji haijashuka. Ila sitamwambia mtu anunue kwa wale. Vifaa hivi unaweza kuvikusanya kimoja kimoja: altaneta ya nyaya tatu, breketi, rizista, balbu na daiodi yako. Utatumia muda zaidi, lakini hutahitaji kumpigia mtu simu.

Na kama umeshanunua, na seti iko mbele yako mezani, usiwashe kwanza. Fuata waya wa namba 1 kwa kidole kutoka altaneta hadi swichi. Usipokuta daiodi wala balbu njiani, weka kabla ya kitu kingine chochote, na uhakikishe bomba la mafuta linafunga sawasawa. Ukiwapigia simu na yule kijana akakuambia ung'oe waya wa betri, kata wewe kwanza.