Uzoefu wangu: tulilipa mtu akague websaiti ya kikundi chetu

Kuna watu wananiuliza kama hii huduma ya kukaguliwa websaiti inafaa ama ni kuchoma pesa, so wacha niseme yetu ilivyoenda. Sisi ni kikundi kidogo cha wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo huku Kayole, Nairobi. Websaiti tulitengenezewa bure na kijana mmoja wa kujitolea, kwa laptopu inapendeza sana, lakini michango kupitia hapo ilikuwa karibu sufuri na sisi tukawa tunalaumu uchumi.

Dada tuliyempata alitaka KSh 15,000 na mweka hazina wetu alinuna vibaya sana. Mimi nilijua tutaletewa ripoti ya rangi na fonti. Kumbe wapi! Alikuja kwa mkutano wetu, akamwomba mama mmoja atoe simu yake mwenyewe, hizi za bei ya chini zenye kioo kimepasuka, akamwambia, "Mama, jifanye hutujui, unataka kutuchangia mia mbili." Halafu akanyamaza akaanza kuandika. Mapicha ya juu yakakokota mpaka bando likalia, menyu ikafunika skrini yote, kufika kwa mchango anakuta fomu ya kadi ya benki. Mama akainua macho, "Sasa hapa naweka nini binti yangu, mimi niko na M-Pesa tu."

Na Paybill, ile namba ya kulipia kwa M-Pesa, tulikuwa nayo! Ilikuwa imeandikwa ndani ya picha ya bango, chini kabisa, huwezi hata kuikopi.

Hiyo peke yake ilirudisha pesa yetu. Alitoa namba akaiweka juu kama maandishi ya kawaida, na neno la kuweka pale kwa akaunti ili mweka hazina ajue hii ni ya viti vya magurudumu na hii ni ya nauli ya kliniki. Pia akaandika jina litakalotokea kwa simu kabla pesa haijaenda, kwa sababu Nairobi hii mtu akiona jina tofauti na alilotarajia anabonyeza kansel bila kufikiria mara mbili. Picha zikapunguzwa uzito, na zile za watoto zikashushwa zote hadi mzazi wa kila mmoja akubali kwa maandishi, maana sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwa niaba ya mtoto, na kusema ukweli hata bila sheria ilikuwa aibu.

Upande wa matangazo alituombea Google Ad Grants. Ni msaada wa Google kwa mashirika yasiyo ya faida, hadi dola 10,000 kwa mwezi za matangazo ya bure, si pesa mkononi jamani, na yanatokea kwa utafutaji wa Google kama maandishi tu. Lazima shirika liwe limesajiliwa na liwe na domeni yake, yaani anwani yake ya websaiti, na kila mwezi angalau asilimia 5 ya wanaoona tangazo walibofye, kwa hiyo ukiweka maneno ya kutafutia ya jumla jumla tu unajichimbia kaburi. Hapa ndio nilimheshimu huyu dada. Alikataa kabisa kutafuta wafadhili kwa njia hiyo, akasema hakuna mtu anaamka usiku kugoogle mahali pa kutoa pesa, lakini mzazi anaamka usiku kugoogle kwa nini mtoto wake bado hajakaa. Basi tukaandika kurasa za hayo maswali, mazoezi ya kufanyia nyumbani, namna ya kujiandikisha NCPWD (baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu), na tangazo linampeleka mtu moja kwa moja huko. Sasa tunapigiwa simu na wazazi mpaka wa Ruiru. Wengine baadaye wanachanga, wengine hapana, na sawa tu.

Kilichonichosha ni ripoti yenyewe, magrafu matupu ambayo hakuna mtu kwa kamati alisoma, na ule ushauri wa kuposti video Instagram kila siku. Nani atashuti hizo video, mimi mwenye mtoto mgongoni? Status za WhatsApp za wanachama zinatufanyia kazi vizuri na ni bure.

Nampa nne kwa tano. Mkimchukua mtu kama huyo mwambieni hiyo sehemu ya Instagram aitoe kabla ya kuwapa bei, na domeni ikuwe kwa jina la kikundi, si jina lake.