Kituo cha viazi chenye mizani: nyota nne kutoka kwa mkulima wa Njombe

Nimeuza viazi kwa lumbesa miaka kumi na minne. Huu ni msimu wa tatu nauza kwa kilo, kwenye kituo cha kukusanyia viazi cha wakulima wa kata yetu huku Njombe. Naandika kwa sababu kila nikienda msibani au nikitoka kanisani kuna mtu ananivuta pembeni: "Kamwene, mama. Hivi kule kwenye mizani kunalipa kweli?"

Kunalipa. Ila kwanza niieleze lumbesa yenyewe, maana asiyeijua hataelewa kwa nini mizani inaweza kumtoa mtu machozi.

Mnunuzi akija shambani anakuja na wapakiaji wake. Anawalipa yeye, kwa hiyo wanamfanyia kazi yeye. Gunia likijaa hadi mdomoni, kwako wewe limejaa; wao ndiyo kwanza wanaanza. Mpakiaji analikumbatia, analinyanyua, analibamiza chini mara tatu nne viazi vijipange, kisha anaongeza debe. Halafu anachukua kipande cha gunia kuukuu, anakishonea mdomoni kwa kamba ya manila na sindano ndefu kuliko kiganja changu, na humo anapanga viazi kimoja kimoja, vikubwa pembeni, vidogo katikati, mpaka kilemba kinasimama. Anafunika kwa majani makavu, anavuta kamba huku na huku, anakaza kwa goti. Wewe umesimama hapo na jembe lako unatazama jasho lako likishonewa juu ya gunia, na bei ni ile ile ya gunia moja.

Sheria ya kukataza hayo ipo, ni Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Mtendaji anajua, mnunuzi anajua, sisi tunajua. Lakini viazi vikishang'olewa havina subira. Ukikataa, Fuso linasogea kwa jirani, na wewe unabaki na rundo linalopigwa jua mpaka linageuka kijani. Nimekubali lumbesa mwaka hadi mwaka, na si kwamba nilikuwa sijui.

Kituo chenyewe kwa macho ni jengo la kawaida: matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji. Mizani ya jukwaa iko mlangoni, na uso wake umegeuzwa upande wa mwenye mzigo. Hilo la kugeuza uso nalisifu sana. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, karani anapandisha jiwe la kilo 20 na wote waliopo wanatazama isome 20. Stika ya Wakala wa Vipimo imebandikwa ubavuni, mwaka unasomeka. Mzigo wako ukipimwa, uzito unatajwa kwa sauti, unaandikwa kwenye stakabadhi, nakala moja unaondoka nayo. Mama yangu mzazi hajui kusoma, lakini tarakimu anazijua, na aliponisindikiza msimu uliopita alisimama pale akitaja namba pamoja na karani, gunia baada ya gunia.

Siku yangu ya kwanza nilipeleka gunia moja la lumbesa lililoachwa shambani gari la mnunuzi lilipojaa. Nilitaka tu kujua. Karani na vijana wawili walilipandisha kwa shida, mizani ikatulia kwenye 142. Nikaomba walishushe walipime tena. Ikasoma 142. Gunia la namna hiyo nilikuwa nikiuza shilingi 55,000, yaani kilo haikufika hata shilingi 390. Siku hiyo kituoni kilo ilikuwa 520, na baada ya kukatwa shilingi 20 ya huduma nikabaki na 500. Viazi vile vile, kutoka shimo lile lile, vikawa shilingi 71,000. Tofauti ya elfu kumi na sita kwa gunia moja, na mimi kwa msimu mzuri natoa magunia arobaini. Nilikaa kwenye benchi la nje nikapiga hesabu ya miaka kumi na minne kwa kidole mchangani, nikaishia njiani, nikafuta kwa mguu.

Jambo linalonifanya nikipende kituo hiki kuliko hata bei ni kile walichokifanya na lumbesa yangu. Viongozi waliomba niwaachie siku tatu. Wakaipakia kwenye pikapu pamoja na mizani, wakaipeleka kwenye kikao cha maendeleo cha kata. Nami nilikuwepo. Hawakutoa hotuba ndefu. Walimwomba diwani asome mwenyewe namba kwa sauti. Kisha katibu wetu akauliza swali moja: kama ushuru unahesabiwa kwa gunia, hizi kilo 42 za juu zimelipiwa na nani? Ukumbi ulinyamaza. Miaka yote tulikuwa tukilalamika kama wanaoomba huruma. Siku ile ilionekana wazi kwamba halmashauri nayo inapunjwa kwenye kilemba kile kile. Tangu hapo suala limefika kwenye baraza la madiwani, na mchana magari yanakaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Usiku bado yanapita. Viongozi wameshaandika barua mbili kuhusu huo usiku, na nakala zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo kituoni, kila mtu azione.

Ukutani imeandikwa kwa rangi ya kijani kaulimbiu ya MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao makuu Morogoro: "Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe." Nilikuwa nikiisikia kwenye Nanenane na kuipita. Pembeni yake kuna tangazo jingine ambalo kila mwenye shamba dogo alipaswa kulijua: mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalimwondolea ushuru wa mazao mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kwenda halmashauri nyingine. Mimi nililisoma hapo kwa mara ya kwanza, na kabla ya hapo nilishalipa.

Sasa nyota moja niliyoinyima. Malipo yanachelewa. Mara ya kwanza nilisubiri siku tisa, mara ya pili kumi na moja, wakati mnunuzi wa shambani anatoa fedha taslimu papo hapo. Mwenye mgonjwa nyumbani au anayedaiwa mbolea hawezi kusubiri siku kumi na moja, na hao ndio wanaorudi kwenye lumbesa kwanza. Viongozi wanasema mnunuzi wao mkubwa wa Dar es Salaam hulipa akishauza. Nimewaambia kwenye mkutano, na narudia hapa, kwamba mfuko mdogo wa kumlipa mkulima hata nusu ya fedha yake siku ile ile ungeleta watu wengi kuliko matangazo yote. Sakafu nayo haina chaga za kutosha za kuinulia magunia. Mwezi wa tatu mvua ilipokaza, magunia ya chini yalipata unyevu, na mawili ya jirani yangu yakaanza kuoza kabla gari halijafika. Alilipwa fidia, lakini baada ya kuzungushwa.

Jingine ni uchambuzi. Ni mkali, na ni wa haki. Kiazi kilichokatwa na jembe hakipiti, cha kijani hakipiti, kidogo kuliko yai kinarudi nyumbani. Msimu wa kwanza, nilipopeleka mzigo mkubwa, nilirudishiwa karibu gunia zima na nilinuna. Msimu uliofuata niliwasimamia vijana wa kung'oa, tukachimba mbali kidogo na shina, tukafunika rundo kwa majani mapema, na kilichorudi hakikujaza debe.

Ukiwa mbali, piga hesabu ya usafiri kabla ya kwenda. Mimi niko kilomita sita, bodaboda inanitoza 2,000 kwa gunia na bado napata faida. Aliye ng'ambo ya bonde, ambako barabara hukatika masika, itabidi aungane na wenzake wakodi gari moja. Asiye mwanachama anapokelewa pia, ila anakatwa shilingi 40 kwa kilo.

Nenda Jumanne au Ijumaa, ufike kabla ya saa nne asubuhi, maana foleni ya mchana inafika barabarani. Beba magunia yako mwenyewe, mdomo ushonwe bapa. Daftari la kuandikia uzito wako usilisahau, na jiwe likipandishwa asubuhi, uwe umesimama mbele. Viazi vyangu vya vinyungu, yaani vya bustani za bondeni, vitakuwa tayari Oktoba. Nimeshaandikisha magunia kumi na nane, na mama amesema atakuja tena kutaja namba.