Adapta ya kushusha volti kwa flashi ya zamani: uzoefu wangu

Adapta hii hukaa kati ya flashi na hotishu ya kamera (sehemu ya juu ya kamera inapochomekwa flashi), na kazi yake ni moja: kuzuia volti kubwa ya triga, yaani volti iliyo kwenye pini ya kuwashia flashi, isifike kwenye kamera. Nimeijaribu na Vivitar 283 ya zamani, iliyotengenezwa Japani.

Kwanza nilipima flashi yenyewe. Betri mpya, flashi imewashwa, taa ya utayari imewaka. Multimita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye pini ya katikati, nyeusi kwenye bati la pembeni la mguu wa flashi. Vidole visiguse pini na bati kwa pamoja, utapigwa shoti. Multimita ya dijitali yenye ukinzani wa megaohmu 10 ilisoma volti 228. Ya sindano, ya ohmu 2,000 kwa kila volti, kwenye kipimo cha 500 ilisoma karibu nusu ya hapo. Hapa ndipo wengi hudanganyika: mita ya sindano ina megaohmu 1 tu kwenye kipimo hicho, na kapasita ya triga (inayohifadhi chaji ya kuwashia flashi) hujazwa kupitia rezista kubwa, kwa hiyo mita yenyewe ndiyo inayoishusha volti unayojaribu kuipima. Usiamini namba ndogo iliyotoka kwenye mita ya namna hiyo.

Nikafunga adapta, nikapima upande wake wa chini: volti 4.6. Flashi ililipuka, yaani ilitoa mwanga, kila nilipobonyeza, bila kukosa.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 10330 kinataja volti 24 kuwa kikomo cha volti ya triga. Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi za Nikon vinaonya juu ya volti zaidi ya 250, na pia volti hasi, kwa hiyo ikitokea alama ya kutoa kwenye mita, usiifunge flashi hiyo kwenye kamera kabisa. Soma kitabu cha kamera yako. Usikisie kwa kuangalia ya jirani.

Kwa triga za redio, zinazowasha flashi bila waya (transmita hukaa kwenye kamera, risiva kwenye flashi), mambo yanabadilika. Volti ya flashi inaishia kwenye risiva, haifiki kwenye kamera, hivyo cha kuangalia ni kiwango cha risiva. Lakini transmita yenye hotishu juu yake ni hatari: ukiweka flashi hapo, huenda volti ikapita moja kwa moja hadi kwenye kamera. Adapta inastahili kukaa hapo, au flashi isikae hapo kabisa.

Dalili ya swichi ya umeme iliyoungua ndani ya kamera au risiva: flashi inalipuka mara tu unapoichomeka, halafu hailipuki tena, kwa sababu mguso umebaki umeungana na kapasita ya triga haijai.

Kasoro za adapta: TTL (kamera kupima na kurekebisha yenyewe mwanga wa flashi kupitia lenzi) inapotea, kwani ni pini ya katikati tu inayopita. Tena inaongeza kimo, na flashi nzito inayumba kwenye hotishu. Kaza gurudumu la kufungia kabla ya kila kazi.