TAHADHARI: Muuzaji wa karata za "mwaka 1659"

Wanaokusanya karata za kale, kuwa macho. Jamaa huyu amenipiga pauni 340 na tangazo lake bado liko hewani.

Anauza "seti halisi" ya karata za Brianville, Mfaransa aliyezitunga, zile za ngao za koo, zilizochapwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1659. Karata zenyewe zilikuwepo kweli: mtu anacheza huku anajifunza kusoma ngao za watawala wa Ulaya, na kopa zote ni za Ufaransa. Zogo lake ndilo tamu. Ngao za wakubwa fulani ziliangukia kwenye ghulamu na ree, na nani anataka ngao ya ukoo wake ikae kwa mtumishi? Sahani za kuchapia zikakamatwa, na Brianville akalazimika kugeuza karata hizo ziwe Prince (mwanamfalme) na Chevalier (askari mpanda farasi wa kiungwana).

Jamaa anadai zake ni toleo lile la mwanzo, lililokamatwa. Nafungua bahasha, karata ya juu kabisa: Chevalier! Hata hadithi ya bidhaa yake hajaisoma.

Nikachukua lenzi, nikaona vidoti kila mahali. Nilipomuuliza, akajibu, "Hiyo ni alama ya dhahabu, ndugu yangu." Nusura nimwamini, maana ni kweli: ngao ikichongwa bila kupakwa rangi, dhahabu huwekwa vidoti, buluu mistari ya kulala, nyekundu mistari ya kusimama. Utaratibu huo aliueneza Mjesuiti Silvester Petra Sancta mwaka 1638. Lakini vidoti vya mchongaji ni vya wino mmoja na vimepangwa safu. Hivi vyangu ni buluu, waridi na njano, vimebanana hadi ndani ya herufi. Hiyo ni ofseti, uchapaji wa mashine za kisasa. Chini ya taa ya urujuanimno karatasi iling'aa kama shati lililotoka kutiwa buluu, jambo ambalo karatasi ya kale haifanyi, na kona zimeviringwa wakati za karne ile zilikuwa mraba.

Nakala si kosa, ningeinunua kwa pauni 15 nikafurahi. Ila huyu anataka utume hela moja kwa moja, na ukimwomba picha ya mgongo wa karata anakwambia kuna mteja mwingine anasubiri.

Jina hubadilisha, picha habadilishi: kitambaa cha kijani, na mfalme wa kopa mwenye doa la chai begani. Nimelipapasa doa hilo kwa kidole. Limechapwa.