Tahadhari: Fundi wa Uongo Anayewauzia Magazini na Risasi Mbovu Wenye Bastola Mpya, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Tahadhari hii inawahusu wamiliki halali wa bastola waliopo Unguja na Pemba. Kuna mtu anayejitambulisha kuwa fundi na muuzaji wa vifaa vya silaha, ambaye amekwisha kuwachukulia fedha watu ninaowafahamu, na baya zaidi, amewaachia vitu vinavyoweza kuwatoa vidole au macho. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa limekwisha kufikishwa kunakohusika. Ninachotaka ni kila mmoja aifahamu njia anayopitia, kwani mwengine wa mfano wake anaweza kuzuka wakati wowote.

Humtafuta mtu aliyekwisha kupata leseni na kununua bastola mpya, akamuuliza kwa upole kama haijawahi kumkwamia. Baadhi ya bastola mpya hukwama mara moja mbili katika siku za mwanzo, kwa hivyo hupata wa kumjibu ndiyo. Hapo ndipo anapomtisha kwamba silaha imetoka kiwandani na kasoro ya chemba (lile tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kupigwa), kwamba muuzaji aliyemuuzia amemdhulumu, na kwamba dawa anayo yeye: magazini "halisi" (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini), chupa ya mafuta maalumu, mfuko wa risasi za bei nafuu, na ikibidi, aichukue bastola akaisugue nyumbani kwake.

Ukweli ni kwamba risasi inapokataa kupanda kwenye chemba, mahali pa kwanza pa kutazama ni magazini, kisha risasi zenyewe, kisha usafi na mafuta, kisha mkono wa mpigaji. Kasoro ya chemba huja nyuma kabisa ya orodha hiyo. Midomo ya juu ya magazini ndiyo inayoishika risasi na kuiachia kwa pembe inayotakiwa. Ikipinda hata kidogo, ncha hujikita chini ya mdomo wa chemba, au risasi ikaruka juu na kubanwa na slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele kila unapopiga. Springi ya magazini ikiwa dhaifu, slaidi hurudi mbele kabla risasi haijapanda, ukabaki na chemba tupu huku unaamini imejaa. Namna ya kubaini ni nyepesi: zipige namba magazini zako, uandike ni ipi iliyokuwamo kila ilipokwama. Kukwama kukiandama magazini moja tu, bastola haina kosa.

Mkono nao una sehemu yake, na hili wengi hawapendi kuambiwa. Bastola ya kujipakia yenyewe hutumia nguvu ya risasi iliyotoka kuisukuma slaidi nyuma, na ili slaidi ifike mwisho wa safari yake, fremu, yaani kiwiliwili cha bastola chenye mpini, lazima ipate mkono imara wa kuizuia. Kifundo kikilegea, fremu hurudi pamoja na slaidi, nguvu ikapotea njiani, na risasi inayofuata isichukuliwe. Ndiyo maana bastola ileile humkwamia mmoja na isimkwamie mwenzake. Isitoshe, springi mpya huwa ngumu, na wapo watengenezaji, Kahr akiwa mmoja wao, wanaoeleza katika vitabu vyao kwamba silaha ipigwe risasi 200 kwanza ndipo itegemewe. Mtu anayekuuzia dawa kabla ya hapo anakuuzia hofu yako mwenyewe.

Sasa nieleze nilichokiona katika bidhaa zake, maana mwenzangu mmoja alinionesha alivyovinunua kabla hajavitumia. Ile magazini haikuwa na alama yoyote ya kiwanda wala ya ukubwa wa risasi. Mdomo wake mmoja ulikuwa na mikwaruzo ya tupa na umesimama juu kuliko wa pili, na kile kibao cha ndani kinachosukuma risasi kilipobonyezwa kwa kidole kiliinama upande na kukataa kurudi. Chupa ya mafuta tuliiacha usiku kucha katika chumba chenye kiyoyozi. Asubuhi yalikuwa yameganda, meupe pe, na yananuka nazi waziwazi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mtu anayelinda hoteli au duka lenye kiyoyozi atakuwa ameipaka silaha yake gundi. Na ikiwa bastola yako ni Glock mpya, ile grisi ya rangi ya shaba iliyomo ndani ya slaidi usikubali akufutie kwa madai kwamba ni uchafu. Mtengenezaji mwenyewe ameelekeza iachwe.

Risasi ndizo zilizonitia hofu zaidi. Tulipozisimamisha juu ya meza ya kioo, vichwa vyake vilipishana kama meno ya mtoto anayeota. Risasi ya 9×19, ile ya kawaida ya bastola za milimita tisa, haitakiwi kuzidi milimita 29.69 kwa urefu wote. Iliyozidi hapo hugota, na iliyo fupi mno hupoteza pembe ya kupandia. Nyengine, kichwa chake kilididimia ndani ya ganda kwa kusukumwa na dole gumba tu. Risasi iliyodidimia hivyo nafasi ya baruti yake hupungua, msukumo wa ndani ukapanda kwa kiasi cha kuweza kupasua ganda mkononi mwako. Tena mfukoni mlichanganywa za Makarov, bastola ya Kirusi, 9×18, kwa kisingizio kwamba "zote ni tisa". Si kweli: ganda la Makarov ni fupi zaidi na kichwa chake ni kinene zaidi, na haistahiki kabisa kuingizwa katika bastola ya 9×19.

Kuhusu kusugua, amekwisha kumharibia bwana mmoja wa Mkoani, Pemba. Ule mteremko ambao ncha ya risasi hupandia kuingia chemba, aliusaga mpaka ukabadilika pembe, kisha akakata mizunguko ya springi ya slaidi ili "iwe laini". Slaidi iliyokatwa springi haina nguvu ya kuifikisha risasi ndani, kwa hivyo kukwama kumezidi. Na mteremko ukisagwa mno, ganda hukosa pa kuegemea. Chuma kilichosagwa hakirudishwi.

Juu ya hayo yote kuna sheria. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kuuza na kutengeneza silaha ni kazi ya mwenye leseni ya kazi hiyo. Ukimkabidhi bastola mtu asiyekuwa na leseni hiyo, hata kwa saa chache, umejiweka wewe mwenyewe katika hatia na leseni yako hatarini, na hutakuwa na risiti ya kumdai. Mwambieni awaoneshe leseni yake. Kila alipotakiwa hivyo, fundi huyo aliaga na kuondoka.

Bastola inayokwama, itoeni magazini, hakikisheni chemba haina kitu, isafisheni kwa mafuta ya silaha, kisha ijaribiwe katika kiwanja kilichoidhinishwa kwa risasi za kiwandani na magazini iliyokuja nayo. Hapa kwetu hewa ya chumvi huingia hata kabatini, na mkoba wa ngozi hushika unyevu, kwa hivyo silaha isilazwe ndani yake. Ikiendelea kukwama, irudisheni kwa duka lenye leseni mliponunua, pamoja na ile orodha ya magazini.

Waliokwisha kununua risasi zake wasizipige, wala wasizitupe jaani au baharini. Wazipeleke polisi pamoja na ujumbe wa simu waliotumiana naye na kumbukumbu za malipo, wa Unguja na wa Pemba kila mmoja katika kituo kinachoitambua leseni yake.