Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi: ununue 4 au 5?
Kwa kasi hakuna ubishi: Pi 5 ya 2023 ina prosesa ya Cortex-A76 ya 2.4 GHz, Pi 4 ya 2019 ilitoka na A72 ya 1.5 GHz. Tano ina pia kitufe cha kuwashia na tundu la PCIe (njia ya data yenye kasi) la kuunganishia SSD, yaani diski ya kasi. Kwa jinsi kadi za SD, ambazo Pi hutumia kwa kawaida kuhifadhi data, zinavyokufa, hilo peke yake linashawishi.

Lakini umeme! Tano inataka chaja ya 5V, 5A. Ukiipa ya 3A, matundu ya USB yanabaniwa hadi 600mA, na diski ya nje inaweza kugoma. Nne inaridhika na 3A, tena ina tundu la spika, ambalo tano imenyimwa.

Unatumia sola na vihisi shambani? Nne. Unataka kompyuta ya mezani, na umeme haukusumbui? Tano, ila tenga hela ya feni.